Mtwara, bandari ya nadharia za maendeleo

Barabara kuu za Mtwara mjini ni pana kuliko wingi wa magari yake. Kati ya mtaa na mtaa yapo mapengo ya nyasi na miembe ambako, kwa hesabu ya waliochora ramani ya kwanza, pangekuwa na maduka, ofisi na nyumba za maelfu ya watu. Mji huu haukuota wenyewe kama jirani yake Mikindani, uliolelewa na majahazi kwa karne nyingi. Ulipimwa na kuchorwa na maofisa wa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, na sababu yake ilikuwa moja tu: karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, kigogo wa kampuni ya United Africa, alipeleka London wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ya chama cha Labour ikamtuma John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aje na wenzake wawili kukagua. Wakazunguka kwa wiki chache, kwa sehemu kubwa wakiitazama ardhi kutoka kwenye ndege, wakarudi na ripoti ya matumaini makubwa: zaidi ya ekari milioni 3 zingefyekwa, nyingi zikiwa Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, kwa gharama ya paundi milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaitetea hoja hiyo bungeni.

Kusini ilichaguliwa Nachingwea. Karanga za Nachingwea zingehitaji reli ya kuzitoa porini, na reli ingehitaji bandari ambayo meli kubwa zinaweza kufunga. Ghuba ya Mtwara ina kina cha asili, kwa hiyo gati likajengwa hapo na kufunguliwa mwaka 1954. Lakini mradi wenyewe ulikuwa umeshafutwa tangu Januari 1951, baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Mvua hazikufuata kalenda ya wapangaji. Udongo wa Kongwa ulikauka kiangazi ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya trekta. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vilikufa kimoja baada ya kingine. Reli ya kusini ilisogea hadi Masasi mwaka 1958, ikahangaika kutafuta mzigo, kisha ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika mapori yaliyofyekwa Nachingwea wakaja kupiga kambi wapiganaji wa FRELIMO, waliofanya mazoezi hapo ya kuikomboa Msumbiji, kazi ambayo hakuna mpangaji wa karanga aliyeiota.

Kashfa hiyo imeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni kile kilichokuwa kikiendelea miaka ileile umbali mfupi tu kutoka hapo, kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Wakulima wa Newala, Tandahimba na maeneo ya jirani walikuwa wanapanda mikorosho. Mche wenyewe uliletwa Afrika Mashariki na Wareno karne kadhaa nyuma na ulikuwa ukiliwa tu kama tunda la porini. Walichokigundua wakulima ni kwamba unastahimili mchanga na ukame, unaoteshwa katikati ya muhogo bila kuuharibu, na ukishakomaa hutoa kivuli kinachokandamiza magugu. Korosho huanguka yenyewe. Mama na watoto huokota, hutenga bibo na korosho, huanika. Bibo hutengenezwa pombe ya uraka. Mnunuzi wa Kihindi alikuwepo Mikindani na Lindi, na viwanda vya kubangua vilikuwepo India. Mwaka 1945 Tanganyika iliuza tani 7,000 hivi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, nyingi zikitoka kusini.

Ndani ya miaka hiyo 30, basi, sehemu moja ya nchi ilishuhudia mambo mawili kwa pamoja. Mradi wenye waziri, fedha, meli na mitambo ulianguka kabla haujaota mizizi. Zao lililopandwa na wakulima wadogo, shamba moja moja, lilikua zaidi ya mara 20. Ni ajabu kwamba mjadala mzima wa maendeleo ya kusini umeendelea kuanzia kwenye swali la nini kiletwe, wakati ushahidi ulio wazi zaidi ulikuwa juu ya kile ambacho wenyeji walikuwa wameshakianza.

Mwaka 1960 mchumi wa Kimarekani Walt Rostow alichapisha kitabu kilichodai kwamba kila jamii hupanda hatua zilezile, kutoka uchumi wa jadi hadi ule wa matumizi makubwa. Kitabu hicho kilisomwa na mawaziri wa nchi nyingi zilizokuwa zinapata uhuru. Dar es Salaam ilijibu kwa sauti yake. Azimio la Arusha lilitolewa mwaka 1967, na miaka mitano baadaye Walter Rodney, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha hoja kwamba Ulaya ndiyo iliyoirudisha Afrika nyuma. Katika fikra, hayo yalikuwa mageuzi ya kweli. Katika utekelezaji, mkulima wa Newala alikutana tena na ofisa mwenye ramani.

Upande wa Songea, magharibi zaidi, wanavijiji wa Litowa na wenzao walikuwa wametangulia kuishi ujamaa kabla haujawa sera. Wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichofikia vijiji 17, chenye mashamba ya pamoja, shule yake na mikutano ambamo wanakijiji waliamua mambo yao. Mwalimu Nyerere alikisifu na kukitembelea. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wa chama mkoani hawakuvumilia kijiji kisichosubiri maagizo.

Mtwara ilihamishiwa vijijini mapema, kwa sababu vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma tu na serikali ilitaka watu wa mpakani wakae pamoja wapate kulindwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikakamilisha kazi. Mkorosho hauhamishiki. Familia iliyosogezwa kilomita kadhaa iliacha mikorosho yake nyuma, magugu yakapanda, moto wa kiangazi ukapita, na ugonjwa wa ubwiriunga ukatanda kwenye maua bila mtu wa kuushughulikia. Bei iliyopangwa na mamlaka ya zao haikumpa mkulima sababu ya kutembea masafa yale. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Mwanazuoni wa Marekani James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mipango mikubwa ya serikali iliyoshindwa, alivipa vijiji vya ujamaa sura nzima.

Wakati mavuno yakiporomoka, viwanda vilikuwa vinajengwa. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na kwa mitambo kutoka Italia na Japani, kusini na sehemu nyingine za pwani zilipata viwanda 12 hivi vya kubangua korosho. Vilikamilika wakati hakuna korosho za kutosha kuvilisha. Baadhi havikuwahi kufanya kazi ipasavyo. Miaka ya baadaye vikabinafsishwa na vingine vikageuka maghala. Ubanguaji uliosalia ulibaki mikononi mwa akina mama. Kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbanguaji hupaka majivu vidoleni kabla ya kuanza. Huweka korosho juu ya jiwe, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akapiga kwa kigongo mara moja, kwa nguvu iliyopimwa, ili ganda lipasuke na kokwa litoke zima. Kokwa lililovunjika bei yake hushuka papo hapo. Mashine nyingi za miaka ile zilishindwa kuupata ule upimaji wa mkono.

Wafini walifika Mtwara na Lindi miaka ya 1970 wakiwa na maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaonyonya mvua yote. Vijiji vipo juu, maji yapo chini ya miteremko. Tangu miaka ya 1950 ulikuwepo mradi wa maji wa Makonde wa kuyasukuma kutoka bondeni, nao ulitegemea dizeli ikiwepo. Wafini walichimba visima, wakaweka pampu za mkono za Nira zilizobuniwa kwao. Kwa miaka mingi jibu la swali la maji lilikuwa la kiufundi, mpaka pampu zilipoanza kusimama kwa kukosa vipuri na ikabidi kuuliza kisima ni cha nani, nani anachangia, nani anashika fedha.

Maswali hayo ndiyo yaliyozaa sura ya pili ya RIPS, programu ya maendeleo vijijini iliyogharimiwa na Finland katika Mtwara na Lindi kuanzia mwaka 1988 hadi 2005. Ilianza kama programu ya kawaida yenye mafungu na magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikageuza njia na kufuata mafundisho ya Mwingereza Robert Chambers, ambaye kitabu chake cha mwaka 1983 kilitaka watu wa mwisho wawekwe mbele. Wataalamu walifundishwa kunyamaza. Wanakijiji walichora ramani za vijiji vyao mavumbini kwa vijiti, mawe na mbegu, wakaonyesha nani ana njaa mwezi gani, njia ipi hukatika masika, nyumba ipi haina mtu wa kulima. Kwa muda fulani Mtwara ilijulikana kimataifa kwa njia hiyo shirikishi.

Wapo waliotilia shaka. Mwaka 2001 Bill Cooke na Uma Kothari walihariri kitabu kilichouliza kama ushirikishwaji umekuwa ubabe wa namna mpya, na mwaka 2019 mwanahistoria Felicitas Becker alichapisha kitabu kizima kuhusu siasa za umaskini vijijini kusini-mashariki mwa Tanzania. Shaka hiyo ina msingi. Ramani ya mavumbini hufutwa na upepo, na anayebaki na nakala ndiye mwenye kauli. Hata hivyo jambo moja la RIPS linafaa kukumbukwa kwa heshima, kwa kuwa lilianzia baharini, kwa wavuvi wenyewe.

Pwani ya Mtwara ilikuwa imechoshwa na baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo, mayai na vifaranga, na matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua hubaki kifusi. Wengine walichimba matumbawe hai kwenye ghuba ya Mikindani, wakayachoma tanurini kupata chokaa ya kujengea. Wavuvi wa mishipi na madema walijua wapigaji baruti ni akina nani na nani mjini anawalinda. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa RIPS, walipewa kamera za video wakarekodi ushahidi wao wenyewe na kuuonyesha kijiji kwa kijiji, kisha mbele ya wakubwa. Kilichokuwa mnong'ono wa ufukweni kikawa hoja ya hadharani yenye picha na sauti. Vijiji vya pwani vikaungana kudai serikali ichukue hatua. Hapa nadharia ya ushirikishwaji ilifanya kazi kwa sababu ilikuta hoja iliyokwisha kuiva.

Serikali ilichukua hatua. Mwaka 2000, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, kutoka rasi ya Msangamkuu hadi mpaka wa Msumbiji. Fedha zikaja kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia UNDP na kutoka Ufaransa, na shirika la uhifadhi la IUCN likashauri kitaalamu. Ndani yake mna matumbawe, nyasi bahari, misitu mikubwa ya mikoko kwenye mlango wa Ruvuma, na vijiji kadhaa: Msimbati, Ruvula, Nalingu, Madimba, Kilambo na vingine.

Kilichodaiwa na wavuvi ni baruti ikome. Kilichokuja ni kanuni kuhusu maisha yao yote. Nyavu za kokoro zikapigwa marufuku, maeneo yakagawanywa kwa ngazi za matumizi, mikoko ikawekewa vibali. Kwa mtazamo wa biolojia kanuni nyingi zina mantiki: kokoro huburuta kila kitu, na matumbawe yanayopumzishwa hurudi. Lakini kokoro la Msimbati ni ajira ya kijana asiye na chombo. Mwenye mashua ya injini anaweza kwenda kina kirefu nje ya mwamba. Mwenye mtumbwi wa mti mmoja hawezi. Mama anayekokota chandarua akitafuta uduvi wakati maji yamekupwa anakosa mboga ya jioni ileile kanuni inapoanza kutumika, ilhali faida ya mazalia ya samaki huja baada ya miaka. Nyavu mbadala zilitolewa, hazikuwafikia wote. Nalingu na vijiji vingine viligoma kushirikiana na hifadhi kwa muda mrefu.

Watafiti waliofanya kazi Msimbati miaka ya karibuni wameandika kuhusu hisia ya wenyeji ya kunyang'anywa. Hisia hiyo ilizidishwa na jambo linaloonekana kwa macho. Visima vya gesi vimo ndani ya hifadhi hiyohiyo. Mvuvi anayekatazwa kutupa kokoro humwona jirani yake mpya, kampuni, akipewa ruhusa ya kuchimba. Maelezo ya kitaalamu yapo, kwamba uchimbaji hupimwa athari na hulipiwa leseni. Kwa mtu aliyenyang'anywa wavu wake maelezo hayo hayana uzito, na ni vigumu kumlaumu.

Gesi ya Mnazi Bay, yaani Ghuba ya Mnazi, iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP, ikaachwa ardhini zaidi ya miaka 20 kwa kukosa soko. Kampuni ya Artumas ya Kanada iliirudia katikati ya miaka ya 2000, ikapata leseni ya uendelezaji mwaka 2006 na kuanza kufua umeme kwa ajili ya Mtwara na Lindi. Watu waliozoea giza la jenereta za dizeli waliona taa. Ulikuwepo mpango wa kujenga mtambo wa megawati 300 Mtwara, na wanasiasa walipanda majukwaani wakizungumzia viwanda. Bei za viwanja zikapanda, nyumba za wageni zikajengwa, vijana wakajiandikisha kozi za uchomeleaji na usalama kazini katika chuo cha VETA. Kisha likatangazwa bomba.

Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lina urefu wa kilomita zaidi ya 500 na kipenyo cha inchi 36. Lilijengwa na kampuni tanzu ya shirika la mafuta la China kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa zaidi ya dola bilioni 1.2. Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi Novemba 2012. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo maelfu ya watu waliandamana Mtwara hadi viwanja vya Mashujaa, wa vyama tofauti, chini ya kaulimbiu iliyotaka gesi kwanza na vyama baadaye. Ujumbe ulikuwa mfupi: gesi haitoki.

Dar es Salaam ilishangaa. Wachumi walieleza, kwa usahihi, kwamba gesi ni mali ya taifa zima, kwamba umeme wa Dar es Salaam huingia kwenye gridi ya wote, kwamba Geita haikatai dhahabu yake kwenda kwingine. Watu wa Mtwara hawakuwa wajinga wa hoja hiyo. Walikuwa na hesabu ndefu zaidi. Walikumbuka reli iliyong'olewa, viwanda vya korosho visivyobangua, na barabara ya Dar es Salaam iliyokatika kila masika mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003. Kwa hesabu hiyo bomba halikuwa mradi mmoja. Lilikuwa mwendelezo wa historia ambayo kila kinachoondoka kusini kina njia, na kinachokuja hukwama.

Januari 2013 ghasia zilizuka Mtwara na Masasi. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu walikufa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Mtwara kuzungumza na wananchi. Tarehe 22 Mei, siku ambayo Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alisoma bajeti ya wizara Dodoma, maduka yalifungwa na moto ukawaka tena. Daraja la Mikindani liliharibiwa. Jeshi liliingia mitaani, na wakazi wa mitaa kadhaa walikimbilia porini. Vifo na majeraha ya siku zile bado yamo kwenye familia za Mtwara, na hakuna takwimu ya maendeleo iliyowahi kuyapa safu yake.

Wasomi waliharakisha kulipa tukio hilo jina. Mchumi Richard Auty alikwisha kuandika mwaka 1993 kuhusu laana ya rasilimali, yaani nchi zenye madini na mafuta kukua polepole kuliko zisizo nayo, na Mtwara ikawa mfano wa laana iliyotangulia kabla hata fedha hazijaja. Maelezo hayo yanasaidia kuelewa ukosefu wa subira na ahadi zilizovimba. Yanakosea pale yanapomfanya mwandamanaji kuwa mtu aliyelewa tamaa ya utajiri. Madai yaliyosikika yalikuwa ya kawaida kabisa: kiwanda cha kuchakata kijengwe hapa, ajira, bandari itumike, halmashauri ipate sehemu yake.

Na baadhi yakajibiwa. Kiwanda cha kuchakata gesi kilijengwa Madimba. Ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya kampuni ukaanza kufuatwa na halmashauri kwa macho makali zaidi. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria 3, za petroli, za usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na za uwazi katika sekta ya uziduaji, ambazo ziliingiza masuala ya ushiriki wa Watanzania katika kazi na manunuzi. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka kilizinduliwa nje kidogo ya mji, na bomba nalo likazinduliwa. Baadaye bandari ilipata gati jipya la mita 300. Makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma yakaanza kupakiwa hapo, na msimu wa 2023 serikali ikaelekeza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Mtwara. Bandari ya karanga ikapata shehena, miaka 70 baadaye.

Umeme ni habari nyingine. Wakati gesi ya Msimbati ikiendesha mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, Mtwara na Lindi ziliendelea kwa miaka mingi kutegemea mitambo midogo ya hapohapo, nje ya gridi ya taifa. Mashine moja ikiharibika, mikoa miwili ilikaa kwa mgao. Fundi wa kuchomelea mageti wa Mtwara mjini ambaye kazi yake ilisimama mchana kutwa hakuhitaji mwanaharakati wa kumfafanulia gesi imekwenda wapi.

Korosho nayo iliibuka upya. Soko huria la miaka ya 1990 lilimrudisha mkulima shambani, na watafiti wa Naliendele, kituo kilicho kilomita chache tu kutoka mjini, walimpa aina bora za miche na ratiba ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga. Mwaka 2007 ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinaingia ghalani, zinauzwa kwa mnada. Ulilenga kumwondoa kangomba, mchuuzi anayempa mkulima fedha wakati wa njaa na kuchukua korosho kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno. Umepandisha bei mara nyingi. Umechelewesha malipo mara nyingi pia, na kila malipo yakichelewa kangomba hurudi, kwa kuwa ada ya shule haingoji mnada. Msimu wa 2017/18 ulivunja rekodi kwa zaidi ya tani 300,000. Msimu uliofuata wakulima waligomea bei za wanunuzi. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na uhakiki wa mashamba ukawafanya wengi wasubiri fedha zao kwa miezi.

Mwaka huohuo wabunge wa kusini walisimama bungeni kupinga marekebisho ya sheria yaliyohamisha sehemu ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, fedha ambazo hapo awali zilirudi kwenye zao kununua salfa, miche na utafiti. Walishindwa kwa kura. Hoja yao ilikuwa na uzito kuliko nafasi iliyopewa siku ile: zao lililokuzwa na wakulima, likaokolewa na watafiti wa hapohapo, lilistahili kuachiwa akiba yake.

Ukiziweka karanga, vijiji, visima, hifadhi na bomba pamoja, unaona kwamba kila nadharia ilikuwa na nafasi ya mwenyeji: mara kibarua, mara mjamaa, mara mshiriki, mara mdau. Kilichobadilika kidogo ni saa ya kumuuliza. Wakefield hakumuuliza. Operesheni ilimwarifu. Hifadhi ilimshirikisha baada ya mpaka kuchorwa. Bomba lilimweleza baada ya mkopo kusainiwa. Pale alipoulizwa kabla, kama kwenye suala la baruti, au pale alipoanza mwenyewe, kama kwenye mkorosho, matokeo yanaonekana hadi leo bila kuhitaji bango la mfadhili.

Leseni ya Mnazi Bay ilitolewa mwaka 2006 kwa miaka 25. Sasa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania lina asilimia 40 ya kitalu hicho na Maurel & Prom ya Ufaransa ina asilimia 60. Mwaka 2031 muda utakwisha, na kabla ya hapo pande hizo mbili zitalazimika kukaa na serikali kuamua masharti ya kuendelea: kiasi gani kichimbwe, nani aajiriwe, umeme wa Mtwara utoke wapi, kina cha bahari ndani ya hifadhi kitumiwe na nani. Sheria inatambua kampuni, shirika, wizara na mamlaka ya udhibiti katika mazungumzo hayo. Halmashauri za vijiji vya Msimbati na Madimba zina mihuri, mihtasari ya mikutano mikuu na wajumbe waliochaguliwa kwa kura. Hakuna kinachozuia mihtasari hiyo kuwa sehemu ya makabrasha ya mazungumzo kabla rasimu ya kwanza haijaandikwa.